Ukuta wa Matumbawe na Waya Uliomo Ndani Yake

 Jioni ya leo, msikilizaji wangu, nataka tuzungumze habari za ukuta.

Nyumba ya shangazi yangu iko Mji wa Kale, Mombasa, katika kichochoro ambacho watu wawili wakikutana, mmoja hubidi apindishe bega ili mwenziwe apite. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama zilivyo nyumba za zamani za pwani yetu, na kuta zake ukizipima unene kwa shubiri zinapita mbili. Waliozijenga walijua walitakalo. Adhuhuri ya Februari, nje kunawaka, wewe umeketi msanani na sakafu ni baridi kama umetoka kuimwagia maji.

Sasa kumbuka jambo jingine. Mwaka 2009 uliletwa waya wa mawasiliano chini ya bahari, kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu hadi hapa Mombasa. Ndio ule uitwao TEAMS. Mwaka huohuo SEACOM nao ukatua pwani yetu. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipanda hadi kwenye setilaiti ndipo ishuke, na tulikuwa tukifungua ukurasa mmoja huku tukinywa chai hadi kikombe kimalizike. Waya wa TEAMS una urefu wa zaidi ya kilomita 4,000, na habari huzikata kilomita zote hizo kabla hujamaliza kupepesa jicho. Inatoka Fujairah, inapita chini ya Bahari ya Hindi, inatua Mombasa, inafuata fiba hadi dakani kwa shangazi. Kisha inashindwa kwenda hatua kumi na mbili zilizobaki kufika chumba cha ndani, ambako mjukuu wake anasomea uuguzi kwa masomo ya mtandaoni.

Kinachoizuia ni ule ukuta. Mawimbi ya waifai ni mawimbi ya redio, ndugu wa hayo yanayokuletea sauti yangu, ila hayana nguvu kama ya mnara wetu. Yanapoingia kwenye ukuta mnene, tena wa tumbawe lenye vitundu vinavyohifadhi unyevu wa bahari, yanamezwa. Ruta za siku hizi hutangaza kwa masafa mawili makuu, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Hayo ya 5 ni ya kasi zaidi, lakini ndiyo yanayochoka mapema mbele ya ukuta. Ukuta mmoja wa matofali membamba yatavuka. Kuta tatu za Mji wa Kale, hayavuki.

Yule binti alikuwa akitoka chumbani kwake saa mbili usiku, anaketi ngazini na simu mkononi, kwa sababu ngazini ndipo mawimbi yalipofika kwa kupenya mlangoni. Alisomea pale miezi kadhaa. Huku watoto wanapita, huku mgeni anapanda, huku mwalimu wake anauliza mbona hajibu. Mimi lilinichoma hilo, kwa kuwa nyumba ilikuwa inalipia megabiti 20 kwa sekunde kila mwezi, na mwenye haja nazo zaidi alikuwa anapata moja, mbili akibahatika.

Ushauri wa kwanza aliopewa shangazi ulikuwa alipie kasi kubwa zaidi. Naomba uukatae ushauri huo ukiletewa. Ukiongeza maji kwenye tangi na bomba limeziba, kinachojaa ni tangi. Wa pili ulikuwa kununua kile kifaa kinachopokea waifai na kuirusha tena mbele. Tukakinunua. Kifaa cha aina hiyo hurudia kile kinachokifikia: ukikiweka chumbani, ambako waifai imeshadhoofika, kitarusha udhaifu uleule. Ukikiweka karibu na ruta, kitarusha mawimbi mazuri yatakayokufa kwenye ukuta uleule. Tena vingi vya vifaa hivyo husikiliza na kusema kwa zamu katika mawimbi yaleyale, kwa hiyo hata panapofaa, kasi hupungua kwa nusu hivi.

Dawa ya kweli, na hili nalisema mapema ili nisije nikaonekana nauza kitu, ni kebo ya mtandao iliyovutwa kutoka kwenye ruta hadi chumbani. Hakuna kinachoishinda. Kama nyumba yako inakuruhusu kutoboa, toboa. Lakini nyumba ya shangazi imo katika eneo lililohifadhiwa, ukuta wake ukiupiga nyundo chokaa huanza kumomonyoka na mawe kufuatana, na yeye mwenyewe alisema, akiwa na kikombe mkononi na bila kuinua sauti, “Mwanangu, ukuta huu ulijengwa na babu yako. Tafuteni njia nyingine.”

Njia nyingine ilikuwa tayari imo ukutani: waya wa stima.

Kuna vifaa vinaitwa adapta za pawalaini. Huuzwa viwiliviwili. Kimoja unakichomeka kwenye soketi karibu na ruta na kukiunga na ruta kwa kebo fupi. Cha pili unakichomeka kwenye soketi ya chumba cha mbali, nacho kinatoa intaneti kwa kebo, na vingine vinarusha waifai papo hapo chumbani. Baina ya viwili hivyo hakuna waya mpya. Data inasafiri katika shaba ileile inayowasha taa.

Watu wengi nikiwaeleza haya hutikisa kichwa. Basi nawauliza: je, nyumbani kwako una kile kisanduku chenye tarakimu, unachokichomeka kwenye soketi ili uingize tokeni? Kwa wasikilizaji wetu wengi wa Kenya jibu ni ndiyo. Mita yenyewe iko nje, pengine juu ya nguzo, nawe umeketi ndani unabonyeza tarakimu 20. Mita imezijuaje? Zimepelekwa kwa waya wa stima. Kile kisanduku kinazungumza na mita kupitia nyaya za nyumba, polepole, kwa maneno machache, lakini kinazungumza. Adapta ninayoieleza ni ya ukoo huohuo, ila imejifunza kusema haraka sana.

Inawezekanaje mambo mawili kupita katika waya mmoja bila kuchanganyika? Nenda harusini kwetu usikilize ngoma na zumari. Ngoma kuu inapigwa nzito na pole, zumari linalia juu kabisa. Sauti zote mbili zinakuja katika hewa moja, kwa wakati mmoja, na sikio lako halikosei ipi ni ipi. Stima ya kwetu ndiyo ngoma: inakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Data ndiyo zumari: inatetemeka kuanzia mara milioni 2 kwa sekunde na kupanda, na katika adapta nyingine hufika hadi karibu milioni 86. Adapta ina chujio linaloizuia ile ngoma na kulipisha zumari peke yake.

Tena haliimbi zumari moja. Adapta huigawa njia yake katika vijia vingi vyembamba, mamia kwa mamia, na kila kijia hubeba sehemu ya data. Hujaribu kila kimoja na kukipima. Penye utulivu, hupakia mzigo mkubwa, penye kelele hupunguza, na palipoharibika kabisa hupaacha. Upimaji huo unaendelea muda wote, kwa sababu waya wa nyumba haukai hali moja. Akiwasha mtu blenda jikoni, ramani yote inabadilika. Sijaona kifaa kidogo cha nyumbani kinachofanya kazi kubwa kama hii bila mwenye nyumba kujua.

Haikuanza jana. Mwaka 2000 makampuni yalikusanyika na kuunda umoja ulioitwa HomePlug, na mwaka uliofuata yakatoa kanuni ya kwanza, ya megabiti 14 kwa sekunde. Mwaka 2005 ikaja HomePlug AV, ikitaja 200. Kizazi cha pili cha AV, kilichotoka mwaka 2012, kilileta jambo lililonigusa kwa sababu ya soketi zetu: kinaweza kutumia waya wa tatu, wa ardhi, uwe njia ya pili ya data. Plagi yetu ya miguu mitatu, tuliyorithi kwa Waingereza, inafaa kabisa kwa hilo. Kwa sharti kwamba mguu wa tatu umeungwa na kitu huko nyuma. Nitalirudia hili.

Tulinunua jozi iliyoandikwa 600. Tafadhali msikilizaji, namba hiyo usiisome kama ahadi. Ni kasi inayohesabiwa kwenye waya wa maabara, kwenda na kurudi zikijumlishwa, kabla ya kutoa gharama za kifaa kujiongoza chenyewe. Na katika nyingi za zile zilizoandikwa 600, tundu la kebo lenyewe halipitishi zaidi ya 100. Wewe pima unachopata chumbani, usahau kilichoandikwa kwenye boksi.

Basi tukapima. Siku ya kwanza adapta ya chumbani tuliichomeka kwenye ekstensheni, kwa kuwa soketi ya ukutani ilikuwa nyuma ya kabati. Tukapata megabiti 4. Binti akanitazama, akasema, “Mjomba, afadhali ngazini.” Tukalisogeza kabati, tukaichomeka ukutani moja kwa moja. Kumi na saba. Sikubadilisha kitu kingine. Ekstensheni nyingi zina kinga ya mshtuko wa stima, na kinga hiyo kazi yake ni kumeza mitetemo ya haraka, isijue kama ni mshtuko au ni somo la uuguzi. Stabilaiza ya friji ni vilevile, na zile betri za akiba za kompyuta ni vilevile. Adapta iingie ukutani, yenyewe, kwanza. Vifaa vingine vifuate. Ziko adapta zenye soketi usoni ili usipoteze tundu la ukuta. Ukizipata chukua hizo, maana zina chujio kati ya soketi ile na njia ya data, na kelele za utakachokichomeka pale hazipiti.

Yule binti alifunga mlango wa chumba chake usiku ule na akasoma akiwa ameketi kitandani. Shangazi alipita mara mbili mbele ya mlango kuusikiliza ukimya.

Lakini sikuleta mazungumzo haya kwa ajili ya furaha hiyo tu. Yaliyofuata ndiyo yaliyonileta mbele ya kipaza sauti.

Kila jioni, kuanzia saa moja, kasi ilikuwa inaanguka. Kumi na saba zinakuwa tisa, pengine sita, pengine taa ya adapta inageuka nyekundu kisha inarudi. Tulianza na washukiwa wa kawaida. Chaja za bei nafuu zina vichujio hafifu au hazina kabisa, nazo humwaga kelele kwenye waya. Cherehani ya umeme na blenda zina brashi zinazotoa cheche ndogondogo. Taa nyingine za LED nazo hazina amani. Tukachomoa kimoja kimoja, huku binti ameshika simu anasoma kasi kwa sauti. Chaja mbili tulizitupa, kasi ikapanda kidogo. Lakini bado ilikuwa inaanguka, na ilianguka zaidi taa za orofani zinapowashwa na pasi kupashwa moto.

Nikamwita fundi wa stima. Kijana makini, alisikiliza habari za adapta kwa uvumilivu, kisha akazima meni swichi na kuanza kufungua soketi moja baada ya nyingine. Ya tatu, ile ya ukumbini, alipoivuta mbele akanyamaza. Nyuma yake mtu fulani zamani alikuwa ameunga waya wa kwenda orofani kwa kuuzungusha kwa vidole na kuufunga utepe. Utepe ulikuwa umekauka na kuwa mweusi. Shaba ilikuwa imeungua rangi. Kiungo kimelegea, na kila mzigo wa orofani ulipoongezeka, stima ilikuwa inaruka pale kwa cheche, gizani, ndani ya ukuta, shubiri mbili kutoka kwenye boriti za dari.

Cheche za namna hiyo ni kelele kubwa kwa data. Ndizo zilizokuwa zinaiangusha kasi. Adapta ilikuwa imetuambia kwa majuma mawili kwamba waya wa orofani ni mgonjwa, nasi tulidhani ni intaneti inayosumbua.

Msikilizaji, mimi nimekulia katika vichochoro hivi. Najua gari la zimamoto haliwezi kuingia kwenye kichochoro cha upana wa mabega mawili. Najua nyumba hizi zimeegemeana, dari zake ni boriti za mikoko zilizokaushwa na miaka. Waya wake uliwekwa na fundi mmoja, ukaongezwa na wa pili, ukarekebishwa na wa tatu, na hakuna kati yao aliyeacha hata karatasi ya kusema ni swichi gani inalisha chumba gani. Kisha nyumba ikagawanywa kwa warithi, chini kukapangishwa, juu kukaongezwa chumba, na kila aliyekuja aliunga pale alipoona waya. Tunazipaka kuta chokaa mpya kila Ramadhani ikikaribia. Nyaya hatuzitazami.

Alipofungua soketi za orofani, fundi alituonyesha jambo jingine. Matundu matatu ukutani yapo, lakini waya wa ardhi haupo. Tundu la tatu liliwekwa ili plagi iingie, basi. Kwa adapta maana yake ni kwamba ile njia ya pili ya data haipo. Kwa binadamu maana yake ni kwamba pasi ikiharibika na stima ikagusa chuma chake, hakuna pa kukimbilia isipokuwa mkononi mwa anayepiga pasi. Nilimtazama shangazi wakati fundi akieleza. Alikaa chini kwenye ngazi, palepale alipokuwa akikaa mjukuu wake, akauliza, “Tangu lini?” Fundi akamjibu kwa upole, “Tangu mwanzo, mama.”

Kama nyumba yenu, kama ilivyo hii, ina wapangaji, kuna jambo halisubiri. Waya haujui mipaka ya familia. Ikiwa sehemu zenu zinalishwa kutoka mita moja, mitetemo ya adapta yako inafika kwa jirani. Hata penye mita mbilimbili hupenya kiasi, ingawa kwa udhaifu. Adapta za HomePlug hufunga data kwa ufunguo wa siri, jambo jema, lakini zinapotoka kiwandani hutumia jina moja la mtandao, ambalo ni lilelile kwa kila anayenunua. Jirani naye akinunua, zake na zako zitasalimiana. Ndiyo maana zina kitufe. Unakibonyeza kwenye moja, kisha ndani ya dakika mbili unakibonyeza kwenye ya pili, nazo zinatengeneza ufunguo wao wenyewe. Usikiache kitufe hicho kwa kuwa intaneti imeshafanya kazi bila wewe kukibonyeza.

Na mimi, mtu wa redio, nina neno la kumwombea mzee wa jirani. Mitetemo ya adapta hizi kwa sehemu inakaa palepale yalipo masafa mafupi, kuanzia megahezi 2 hadi 30. Waya wa nyumba haukutengenezwa kuwa mkebe wa kufungia mawimbi. Ni kama antena, unavujisha. Watengenezaji wanatakiwa kuziba yale masafa ya waongea-redio wa ridhaa, lakini mzee anayekaa barazani usiku na redio yake ya masafa mafupi kutafuta habari za mbali, anaweza kusikia mvumo usiokuwepo juzi. Ukifunga adapta, nenda umuulize. Akikwambia redio inavuma, hamisha soketi au uizime saa ya taarifa yake. Nilimuuliza wa kwetu. Alisema anasikia kidogo karibu na ukuta wetu, akasogeza kiti upande wa pili, na sasa kila anaponiona huniuliza kama binti amefaulu mtihani.

Stima ikikatika je? Adapta zinakatika nayo. Ukiwa na inveta au jenereta inayolisha nyumba nzima, nyaya ni zilezile na kazi inaendelea, ingawa inveta zenyewe nyingine zina kelele zake. Ukiwa na betri ya akiba ya ruta peke yake, ruta itabaki hai na chumba cha ndani kitabaki kimya. Na ikiwa nyumba yako inalishwa kwa fezi tatu, jitahidi soketi zote mbili ziwe kwenye fezi moja, maana kuruka kutoka fezi hii hadi nyingine data hupoteza nguvu nyingi.

Kile kiungo cheusi fundi amekikata, ameweka kisanduku cha kuungia na skrubu zake, na orofa sasa ina sakiti breka yake peke yake. Amempa shangazi kile kipande cha waya kilichoungua. Shangazi amekiweka kwenye kidaka, mahali pa kuonekana, na kila mgeni anayeingia anaonyeshwa na kuulizwa kama yeye ameshafungua soketi zake.

Jumatano fundi anarudi kuvuta waya wa ardhi hadi juu, kupitia bomba la zamani lililokuwa tayari ukutani, bila kutoboa. Nyuma ya mlango wa kisanduku cha swichi nimebandika karatasi. Upande mmoja fundi ameandika kwa mkono wake kila swichi inalisha wapi. Upande wa pili binti ameandika vipimo: chumba cha ndani, soketi ya nyuma ya kabati, asubuhi 17, saa mbili usiku 15. Ameacha mistari miwili mitupu chini yake, ya Alhamisi.